Mkaguzi Asiyepiga Hodi

Soma mpaka mwisho, kisha mtumie mwenye cheo yeyote unayemfahamu.

Mfalme Ngwali na Mfalme Shekue walitenganishwa na mto tu. Kila mmoja alikuwa na ghala la mishale ya sumu isiyo na dawa. Walipochoka kuzika watu, walikubaliana kuiteketeza yote. Kazi ya ukaguzi wakampa Bi Zuwena, mjane ambaye mumewe aliuawa kwa mshale kama huo. Ulitoka ng'ambo ipi hakujua, wala hakutaka kujua.

Bi Zuwena alianza kwa adabu aliyolelewa nayo. Kwa Ngwali alipiga hodi, akangoja, akapiga tena. Alipokaribishwa, akakuta ghala tupu, limefagiwa. Kwa Shekue yakawa yale yale. Alifurahi, maskini, mpaka alipozunguka uani akaona nyasi zimekanyagwa muda huo huo. Ilimuuma sana kwamba hodi yake ndiyo iliyowapa nafasi ya kuficha.

Kesho yake akawaita wote wawili mbele ya watu wao, akawakalisha juu ya ubao uliotandikwa mkeka. Akawaambia anataka kuingia popote bila hodi.

"Anayeingia bila hodi ni mwizi," Ngwali akasema.

"Basi nikaribisheni leo, karibu moja ya siku zote. Aliyekwisha karibishwa hapigi hodi."

Wafalme wakatazamana. Wa kwanza kukataa angejulikana ndiye mfichaji. Ngwali akaona pa kutokea.

"Na wewe, Bi Zuwena, nani atakukagua? Huenda kesho mishale ikalala kwako."

"Inukeni, mfunue huo mkeka."

Shekue akafunua, akaona bawaba na komeo. Walikuwa wamekalia mlango wa nyumba ya Bi Zuwena, alioung'oa alfajiri.

"Kwangu hapana pa kugonga," alisema. "Ingieni mtakapo."

Shekue akasema karibu. Ngwali naye akasema, kwa sauti ndogo. Mchana ule ule Bi Zuwena aliingia hadi chumbani kwa Ngwali, na mishale ikatolewa chini ya kitanda. Ya Shekue ilikutwa kwenye pipa la unga. Jioni ikateketea yote kando ya mto.

Mlango haukurudi nyumbani. Ukawa kiti cha baraza la wakaguzi, na kila aliyemrithi Bi Zuwena alianza kazi kwa kung'oa wa kwake.

Funzo: Chombo cha kulinda amani kipewe ruhusa ya kuingia kabla ya siku ya ukaguzi, na chenyewe kiwe cha kwanza kukubali kukaguliwa.