Mhunzi Aliyemwuliza Mbuzi Habari za Magugu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palipolimwa?"

"Pakapandwa!"

"Palipopandwa?"

"Pakaota!"

"Na palipoota?"

"Pana mlaji!"

Haya basi, huyo mlaji tunamjia. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, asije kesho kuniuliza ilikwishaje.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanajibu wakiulizwa, palikuwa na mhunzi mmoja jina lake Mhina. Alikaa katika kijiji cha vilimani, kando ya kijito. Majembe yote ya kijiji aliyafua yeye. Ukiona mtu analima, jembe la Mhina. Ukiona mtu anapalilia, jembe la Mhina. Ukiona mtu amelala kivulini na jembe liko kando, nalo la Mhina. Lakini Mhina mwenyewe hakuwahi kuinua tuta hata moja. Kazi yake ilikuwa moto na nyundo. Bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa kazi ya mkewe, Zaina.

Bustani ya Zaina haikuwa kubwa. Ilikuwa na mchicha, mnavu na maboga. Mhina alizijua mboga hizo zikiwa zimeshapikwa.

Mwaka mmoja, kiangazi kilipokuwa kinakwisha, Zaina aliugua siku tisa, siku ya kumi akafa. Watu wakaja, wakalia, wakazika, wakarudi makwao. Mhina akabaki na nyundo zake, kuku wake, mbuzi wake, na kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya meko. Akakipima mkononi. Mlikuwa na mbegu za konzi tatu.

Mvua ya masika ilipodondosha matone ya kwanza, akaja mume wa binti yake. Binti huyo aliitwa Mboni, aliolewa ng'ambo ya mto, na alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mboni hajambo?"

"Hajambo. Anasema mwezi ukiandama mara ya tatu anataka kuja kujifungulia hapa, nyumbani kwa mama yake, ijapokuwa mama hayupo. Ila mama yangu hataki. Anasema mzazi hulishwa mboga za majani siku arobaini, na hapa hapana mtu wa kuzilima. Watakuja wote wawili, yeye na Mboni, aitazame bustani. Akiikuta tupu, atarudi naye."

"Mwambie mama yako bustani ipo," alisema Mhina.

Kijana akaaga. Mhina akazunguka nyuma ya nyumba, akaukuta udongo mtupu, naye hajui aanzie wapi. Kuuliza watu aliona haya. Mtu aliyefua majembe ya kijiji kizima atauliza vipi jembe hufanya nini?

Palikuwa na jirani upande wa chini, Bi Kidawa, mjane, na bustani yake ilisifika. Lakini huyo hakuwa akisemezana na Mhina, mwaka wa tatu sasa. Zamani mtaro wa maji ulitoka kijitoni, ukapita kwa Mhina, ukateremka kwa Bi Kidawa. Mhina akauziba, maji yote yakatuama kwake apate ya kupozea chuma. Tangu siku hiyo Bi Kidawa alimwagilia kwa mtungi wa kichwani. Kwa hiyo huko Mhina hakwenda. Akachota konzi ya kwanza, akamwendea kuku.

"Kuku, ee kuku, nina mbegu, sina maarifa."

"Mume wa Zaina, wataka nini?"

"Nataka kujua."

"Kujua si kazi, kazi kusikiliza. Sikiliza basi. Mbegu ni kitoto, na kitoto hakizikwi kikiwa hai. Zimwage juu ya udongo zione jua, kisha nenda zako kwenye nyundo."

Mhina akazimwaga juu ya udongo, akaenda zake kwenye nyundo. Akangoja siku saba. Hakuona jani. Kuku alikuwa amenenepa.

Akachota konzi ya pili, akamwendea fuko, akamkuta anafukua kando ya ua.

"Fuko, ee fuko, nina mbegu, sina maarifa."

"Mume wa Zaina, wataka nini?"

"Nataka kujua."

"Kujua si kazi, kazi kusikiliza. Sikiliza basi. Kuku ni mtu wa juu, ya chini atayajulia wapi? Chimba shimo, mkono uzame mpaka begani. Zimimine humo zote, ufukie, usichungulie. Nenda zako kwenye nyundo."

Mhina akachimba, akamimina, akafukia, hakuchungulia. Akangoja siku saba, akaongeza saba. Udongo ulitikisika mara moja tu, na aliyeutikisa alikuwa fuko, anajigeuza upande wa pili kwa shibe. Mwezi wa kwanza ukapita.

Konzi ya tatu Mhina hakumwuliza mtu. Kuku kasema juu, fuko kasema chini kabisa. Yeye akazitia katikati, akazifunika kwa udongo mwembamba. Siku ya tano pakaota. Mhina akachuchumaa pale asubuhi nzima anatazama, chuma kikapoa katika kibanda chake cha uhunzi. Ila mvua haichagui, na kila kilichokuwa ardhini kiliota: mboga imeota, magugu yameota, na yote ni majani mawili mawili ya kijani. Akamwendea mbuzi.

"Mbuzi, ee mbuzi, nina miche, sina maarifa."

"Mume wa Zaina, wataka nini?"

"Nataka kujua. Magugu ni yapi?"

"Kujua si kazi, kazi kusikiliza. Sikiliza basi. Gugu lina jani laini, linajipendekeza. Mboga ya kweli ina miba, maana chenye thamani hujilinda. Nifungue kamba, magugu niachie mimi, nenda zako kwenye nyundo."

Mhina akamfungua. Jioni akarudi, akakuta bustani imesafishwa vizuri, imebaki michipukizi ya ndulele, ina miba mpaka kwenye jani. Akamshukuru mbuzi. Akaipalilia ile ndulele, akaimwagilia, ikastawi sana. Siku ya kumi na tano akachuma majani, akachemsha, akaonja. Ulimi ukafa ganzi mpaka kesho yake.

Hapo Mhina akakaa chini. Kibuyu kitupu, na mwezi wa pili ndio huo unakwisha. Akamkumbuka Zaina alivyokuwa akiinama pale kila asubuhi, naye hakuwahi hata kusimama kumwuliza anafanya nini. Akalia kidogo. Akajifuta kwa mkono wenye masizi, uso ukawa mweusi, akarudi kibandani.

Kesho yake akaenda mpaka kwenye ua wa Bi Kidawa, akakohoa, akarudi. Siku ya pili akaenda, akajifanya anakaza fito za ua ambazo hazikulegea, akarudi. Siku ya tatu akasimama mlangoni.

"Hodi."

"Karibu," alisema Bi Kidawa. Alikuwa anapunguza mchicha, hakuinua kichwa.

"Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Za miaka mitatu ni nzuri."

Mhina akamweleza yote: Mboni, mama mkwe wake, mbegu, kibuyu. Bi Kidawa akasikiliza mpaka mwisho.

"Konzi ya kwanza ulimwuliza nani?"

"Kuku."

"Kuku hula nini?"

"Hula mbegu."

"Ya pili?"

"Fuko."

"Fuko hula nini?"

"Hula vya chini ya ardhi."

"Ya tatu?"

Mhina akakuna kichwa. "Mbuzi," akasema.

Bi Kidawa hakucheka. Akanyoosha mgongo.

"Na sasa umekuja kwangu. Mimi nami nina tumbo, Mhina, usinidhanie malaika. Miaka mitatu shingo yangu inabeba maji yanayotuama kwako. Nataka mtaro wangu. Hiyo ndiyo njaa yangu, nimekutajia. Ukiufungua nitakufundisha. Usipoufungua, mlango ni ule ule ulioingilia."

"Nikiufungua nitapozea nini chuma?"

"Una shingo."

Mhina akatazama udongo. "Hata nikiufungua, mbegu sina."

Bi Kidawa akaingia ndani, akatoka na kifuko cha kitambaa.

"Hizi ni za Zaina. Na zile ulizomlisha kuku zilikuwa zangu. Kila masika tulikuwa tukibadilishana hapa uani, ili mbegu zisichoke kukaa udongo mmoja."

"Lakini nyumba zetu zilikuwa hazisemezani."

"Wewe ndiye uliyekuwa husemezani nami. Mimi na Zaina hatukuwa na ugomvi."

Mhina akakishika kifuko. Miaka mitatu alikuwa amelinda ugomvi, na kumbe ndani ya ugomvi ule alikuwa peke yake. Akaenda kwenye mtaro, akang'oa mawe kwa mikono, la kwanza, la pili, la tatu. Maji yakateremka kwa Bi Kidawa, machafu kwanza, kisha meupe.

Kuanzia siku hiyo Mhina alifundishwa. Alifundishwa kuchanganya mbegu na mchanga ili zisirundikane. Alifundishwa kuzifunika kwa udongo wa unene wa ukucha. Alifundishwa kugeuza jani changa na kutazama chini yake: wekundu kidogo, huo ni mchicha wa Zaina, kijani kitupu, ng'oa. Kuku akatiwa tunduni, tundu la fuko likamiminwa maji, mbuzi akafupishiwa kamba, na samadi yake ikatiwa bustanini. Kila asubuhi Mhina alipita na mtungi kichwani, wanaume wakamcheka njia nzima. Akawaacha wacheke.

Mwezi ukaandama mara ya tatu. Mboni akaja polepole, tumbo mbele, na mama mkwe wake nyuma. Mama yule hakutaka hata maji ya kunywa. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akabonyeza udongo kwa kidole cha mguu, akachuma jani, akalitafuna bichi.

"Nani kakulimia?"

"Nimelima mwenyewe. Nimefundishwa na jirani."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza."

Mama akatafuna, akameza. "Mboni abaki," akasema.

Siku ya tisa Mboni akazaa mtoto wa kike, na aliyempokea ni Bi Kidawa. Mhina akachuma, akaosha, akapika mwenyewe, akampelekea mwanawe bakuli. Mboni akaonja.

"Baba, chumvi imezidi."

"Kesho nitapunguza."

Mboni akala, akamaliza, akarudisha bakuli liongezwe.

Basi wenzangu, kila mshauri ana tumbo. Kuku analo, fuko analo, mbuzi analo, na jirani mwema analo. Usimtafute asiye na tumbo, hutampata. Mfuate anayekuonyesha lake kabla hajakupa shauri.

Nami nilipita pale siku hiyo nikaomba fungu la mchicha. Nikaambiwa ning'oe ndulele kwanza, ndiyo maana mnaniona na mikwaruzo hii. Ngano yangu naitua hapa. Iliyo laini chumeni. Iliyo chungu niachieni, nitaiunga kwa nazi.