Kitambaa Kwenye Tundu la Bafuni

Mwezi wa Julai, Dodoma haina huruma. Upepo huamka kabla ya watu, ukatokea upande wa mashamba ya zabibu ya Makutupora, ukabeba vumbi, ukagonga mabati na kupenya kila palipo na mwanya. Watu hutembea mjini wamejikunyata ndani ya makoti mpaka jua lipande. Ni katika majira hayo Khairat alipojifungua mtoto wake wa kwanza, msichana, wakamwita Rukaya. Na kama ilivyo ada, alitoka hospitali akaenda kwa mama yake mtaa wa Majengo, kutimiza siku zake arobaini.

Mama yake aliitwa Mwanamvua, mjane wa makamo, na aliyekuwa hamjui Mwanamvua pale Majengo basi alikuwa mgeni wa jana. Yeye ndiye aliyekuwa mkandaji wa wazazi. Mwanamke akijifungua, Mwanamvua huitwa na taulo lake. Hulichovya katika maji ya moto yasiyoshikika, akalikamua, akamkanda mzazi tumbo, mgongo na nyonga, kisha akamfunga mkaja na kumnywesha uji wa pilipili manga. Mlango hufungwa na madirisha hufungwa, kwa maana kwake adui mkubwa wa mzazi alikuwa upepo. Alikuwa mkarimu, mcheshi na hodari wa kazi yake. Ila kwa kuwa kila mtu alimsikiliza, yeye mwenyewe alikuwa amesahau kusikiliza. Sisemi hivi kumsimanga. Wengi wetu tuko hivyo katika jambo tunalolijua vizuri.

Mkwewe, Harithi, alikuwa mwalimu wa chuo huko Hombolo, na alimwonea huruma mama mkwe kwa kupuliza mkaa kila alfajiri. Wiki moja kabla ya mkewe kujifungua, alinunua hita ya gesi ya kuchemshia maji, akamleta na fundi wa kuifunga. Fundi huyo aliitwa Faustini, Mgogo wa Hombolo, mtu wa maneno machache na mikono safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Faustini alizunguka nyumba, akatazama bafu, akarudi akisema kwamba hita hiyo ingekaa vizuri zaidi nje, ukutani, nyuma ya bafu.

"Nje?" Mwanamvua alicheka. "Hapa Majengo wanang'oa hata koki za maji, itakuwa hita? Ifunge ndani."

Fundi alijaribu mara ya pili, hakusikilizwa. Basi akaifunga ndani, lakini akaifunga kama inavyotakiwa. Alipitisha bomba la kutolea moshi ukutani, akalipandisha juu ya paa na kulivika kofia. Kisha akatoboa tundu la ukubwa wa kiganja karibu na sakafu, akalitia wavu wa kuzuia panya. Mwanamvua alipoona tundu lile, alishika kiuno.

"Na hilo la nini tena? Mimi nazuia upepo usimpige mzazi, wewe unautobolea mlango!"

"Moto nao unavuta hewa, mama," alisema Faustini. "Ukiunyima, hauzimiki. Unawaka vibaya, na uchafu wake badala ya kupanda bombani unarudi humu humu. Ni ndugu wa ule moshi wa jiko la mkaa unaoua watu waliojifungia."

"Mkaa ni mkaa, gesi ni gesi. Gesi haina moshi. Na ikivuja nitaisikia harufu. Pua ninayo."

"Gesi ikivuja inanuka, kweli. Hii ninayoisema mimi hainuki wala haionekani. Ukiona mwali umeacha kuwa wa bluu umekuwa wa njano, zima, fungua mlango, nipigie."

"Haya, baba. Tumesikia."

Faustini alitoa penseli ya seremala sikioni, akaandika juu ya tundu kwa herufi kubwa: USIZIBE. Alipoondoka, Mwanamvua aliegemeza beseni pale, maandishi yasimharibie ukuta.

Siku ya tano ya uzazi, upepo ulivuma kama uliotumwa. Khairat alikuwa amekaa kwenye kigoda bafuni, akakunja vidole vya miguu.

"Mama, baridi inanipiga miguuni."

Hakuna maneno ambayo mkandaji huyaogopa kuliko hayo. Mwanamvua alitafuta kipande cha khanga kuukuu, akakivingirisha, akakishindilia katika lile tundu. Papo hapo bafu likatulia na joto likakaa. Alijisifu moyoni. Aliona amemaliza kwa kitambaa kimoja tatizo ambalo fundi mzima alilileta kwa nyundo na patasi.

Haukupita muda, Khairat akaanza kulalamika kwamba kila akitoka kukandwa kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka.

"Ni maziwa yanashuka," mama yake alimwambia. "Kunywa uji."

Yeye mwenyewe kichwa kilimuuma vilevile, akasingizia umri. Mchana, wote wawili walikuwa wazima, wakasahau. Juu ya hita ukuta ulianza kufanya weusi, Mwanamvua akausugua kwa sabuni ya unga mpaka ukang'aa. Mwali nao uliacha ubluu wake, ukawa wa njano, laini, wa kupepesuka. Aliuona. Akausifu kwamba umekuwa mzuri, kama wa mshumaa.

Siku ya kumi na saba, Alhamisi jioni, Faustini alikuwa na kazi mtaa wa pili, akapita kutazama kazi yake. Aliingia bafuni, akagusa ukuta juu ya hita, akatazama kidole chake. Kisha aliinama, akasogeza beseni, akavuta ile khanga.

"Mama, nani kaziba hapa?"

"Si kitambaa tu, baba. Mzazi alikuwa anapigwa na baridi."

"Kichwa hakiwaumi?"

Swali hilo lilimgusa Mwanamvua mahali pabaya. Yeye ndiye aliyezoea kuwauliza watu wanaumwa wapi, na sasa anaulizwa na fundi bomba.

"Hakituumi," alijibu.

Faustini alimtazama, akaona aibu kumbishia mtu mzima nyumbani kwake. Alisema kwa upole kwamba Jumamosi atakuja na mwenzake, ataihamishia hita nje, ataijengea kizimba cha nondo kwa ajili ya wezi, na mabomba atayavika sponji maji yasipoe. "Siku mbili tu, mama. Kesho msiiwashe. Chemsheni maji jikoni. Nakuomba sana."

"Tutafanya hivyo," alisema Mwanamvua, na huenda wakati ule alikuwa na nia hiyo kweli.

Lakini Ijumaa kulipambazuka kwa baridi ambayo hata wazee waliizungumza. Harithi alikuwa anakuja baada ya sala ya mchana, na Mwanamvua alitaka amkute mkewe amekandwa, amefungwa mkaja na amefukizwa udi. Jiko la mkaa alilitazama, likamchosha kwa kulitazama tu. Akawasha hita. Akarudisha khanga tunduni, na safari hii akatundika na blanketi dirishani.

"Mama, fundi si alisema?" Khairat aliuliza.

"Siku moja haiui mtu, mwanangu. Kaa."

Alimkanda tumbo, akamkanda mgongo. Alikuwa hajafika nyongani, Rukaya akalia chumbani. Mwanamvua alimwambia binti yake ajimwagie maji mwenyewe, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake kwa nguvu ili upepo usiingie. Mtoto alikuwa amejichafua. Alimbadilisha, akambembeleza, akamwimbia mpaka akalala. Maji yalisikika yakimwagika wakati wote, naye aliona hiyo ni dalili njema.

"Khairat! Yatosha, mama, toka."

Maji yaliendelea kumwagika.

Alipofungua mlango alimkuta binti yake ameegemea ukuta, kichwa kimeanguka kifuani, midomo imekuwa myekundu kama ya mtu mwenye afya njema. Alipiga ukelele. Jirani yake Ritha alikuja mbio na kitenge kimoja, wakamburuta Khairat mpaka uani, wakamwita dereva wa bajaji, Ritha akabaki na mtoto. Katika purukushani hiyo Mwanamvua alirudi kuzima hita. Akaiona ile khanga. Aliivuta, akaitupa katika beseni la nguo chafu, hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini.

Hospitalini, saa mbili asubuhi, daktari aliuliza, "Alikuwa anafanya nini? Kulikuwa na jiko, moto, kitu chochote kinachowaka?"

"Alikuwa anaoga tu, daktari. Ni mzazi wa siku kumi na nane. Kizunguzungu."

Hakukusudia kudanganya. Aliona kitambaa si neno la kumwambia daktari, tena mbele ya manesi wawili aliowahi kuwakanda. Basi Khairat akatundikiwa maji, akapimwa damu, akatafutiwa ugonjwa asiokuwa nao. Saa zikaenda.

Harithi alifika alasiri, uso umemsawijika. Kwa kuwa alisikia mkewe ameangukia bafuni, alikuwa amempigia simu Faustini njiani, na fundi naye aliingia nyuma yake akihema, viatu vimejaa saruji. Hakusalimia mtu.

"Mama, hita iliwashwa?"

Mwanamvua alijifunga upya khanga yake.

"Kama iliwashwa, lile tundu lilikuwa wazi?"

Harithi aligeuka, akamtazama fundi kwa macho makali. "Tundu gani? Umefunga nini nyumbani kwetu, Faustini?"

Hapo Mwanamvua alikuwa na njia. Khanga ilikuwa kwenye nguo chafu, tundu lilikuwa wazi, na lawama ingemwangukia fundi, mtu wa kutoka shamba asiye na wa kumtetea. Alitazama kupitia mlango, akamwona mwanawe kitandani, kifua kikipanda na kushuka kwa shida.

"Lilizibwa," alisema. "Nililiziba mimi. Na jana alinikataza."

Faustini alimkimbilia daktari. Mara Khairat akavishwa barakoa ya oksijeni, na kila mtu wodini akaanza kwenda kwa haraka. Baadaye daktari alitoka, akasimama mbele ya Mwanamvua. Hakuwa mkali, na ingekuwa nafuu kama angekuwa mkali.

"Mama, nilikuuliza saa mbili. Sasa ni saa tisa. Mtu aliyevuta hewa ile anahitaji oksijeni tangu dakika ya kwanza."

Khairat alizinduka siku ya pili yake. Alimjua mumewe, alimjua mama yake, aliomba apewe mtoto. Siku ya nne aliruhusiwa. Daktari aliwaonya kwamba sumu ile huweza kujificha ikarudi baada ya wiki kadhaa, wamwangalie asije akaanza kusahau. Lakini nani angesikia onyo siku ya furaha? Majirani walimpokea kwa vigelegele, Ritha akaja na chungu cha mtori. Faustini aliihamisha hita nje, akaijengea kizimba, akavika mabomba sponji. Maji yalifika bafuni yakiwa ya moto vilevile. Kazi yote ilimchukua asubuhi moja. Mwanamvua alisimama uani akimtazama, machozi yakimtoka.

Arobaini ikafika. Nyumba ilijaa watu, pilau ikanukia mpaka barabarani. Mwanamvua alimvisha mjukuu wake gauni jeupe, akamtoa nje kwa mara ya kwanza katikati ya wanawake, akamwekea Khairat mapajani. Khairat alimpokea kwa mikono miwili. Alimtazama mtoto, akatabasamu tabasamu la adabu, lile ambalo mtu huwapa watoto wa wageni.

"Mashallah," alisema. "Mtoto wa nani huyu, mama?"

Wanawake walicheka, wakadhani ni utani. Mwanamvua hakucheka. Alipiga magoti, akamshika binti yake mashavuni.

"Ni wako, Khairat. Ni Rukaya."

"Wangu?" Khairat alimtazama mtoto tena, kwa bidii, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. Kisha akamrudisha kwa upole mikononi mwa bibi yake. "Mchukue, mama. Mwenyewe asije akamtafuta."

Walirudi hospitali jioni ile ile. Daktari alisema huenda akili ikarejea baada ya miezi, huenda baada ya mwaka, na huenda isirejee yote. Hakuna aliyeweza kuapa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Mwanamvua huketi kando ya kitanda cha binti yake, mtoto mapajani, akaanza upya. "Huyu ni Rukaya. Ulimzaa wewe." Siku nyingine Khairat hukumbuka, akalia kwa aibu. Siku nyingine husikiliza kwa adabu, akashukuru, akauliza kama mwenye mtoto atachelewa. Na Rukaya sasa ameanza kutambaa, na akiumia humtambalia bibi.

Ritha alipojaribu kumfariji kwamba yote ni kadari ya Mungu, Mwanamvua alitikisa kichwa.

"Kadari siikatai, mwenzangu. Lakini kitambaa nilikitia mimi, kwa mkono huu. Kichwa kiliniuma nikanyamaza, ukuta uliingia weusi nikausugua, fundi aliniomba siku mbili nikamnyima. Kila mara nilisema ni kitu kidogo. Wahenga hawakukosea hata kidogo, na waliniona mimi waliposema: mdharau mwiba, mguu huota tende."