Firigisi na Neno la Irabu Tano

Mimi mnayeniona hapa, mtu mzima mwenye mvi, dereva wa malori niliyekula Ndola, nikala Bujumbura, nikala Lubumbashi, nilifumaniwa mezani kwa wakwe zangu kule Usangi na firigisi mdomoni. Haikuwa yangu. Macho yote yamenikodolea, shavu limevimba, simezi wala sitemi. Chekeni, ila kwanza sikilizeni ilikuwa ya nani, maana mimi mwenyewe mpaka leo sijui.

Baba mkwe wangu, Mwalimu Mbwambo, alifundisha Kiingereza mpaka chaki ikamwachia kikohozi. Nyumbani kwake firigisi ya kuku huliwa na mtu mmoja tu: yule anayeusemea ukoo, kwenye posa, kwenye msiba, kwenye ugomvi wa mipaka ya shamba. Hili niliambiwa siku ya harusi, nikaitikia, nikasahau.

Siku hiyo Mwalimu aliisogeza sahani ya firigisi katikati ya meza. "Meno yameniishia," akasema, "na sauti nayo yaelekea hukohuko. Atakayeila hii leo ndiye atakayekaa kwenye kiti changu."

Ana watoto watatu, na kila mmoja na kipaji chake. Nakiete, kifungua mimba, alikuwa mpiga taipu. Herufi zikishapita kwenye vidole vyake hazisahauliki. Eliamani husoma masomo ya ibada ya Kiingereza kanisani. Mwonyeshe neno refu kama treni, atalitamka bila kumeza mate. Namkunda, mke wangu, ni muuguzi. Maana za maneno magumu amezivuna kwa madaktari, ila mwambie aliandike neno lenyewe uone herufi zinavyomkimbia.

Wanapendana, sikatai. Lakini wanaoneana wivu tangu enzi za viatu vya Krismasi.

"Nipeni neno moja refu la Kiingereza," Mwalimu akasema, "lenye irabu zote tano, a, e, i, o, u, kila moja mara moja tu, na kwa mpangilio huohuo. Liandikwe, litamkwe, na nielezwe maana."

Nakiete akafumba macho, vidole vikacheza juu ya meza. Akachukua kipande cha mkaa, akaandika kwenye ubao wa kukatia mboga: *abstemious*. "Nilipiga taipu barua ya kumsifia mzee mmoja wa kanisa," akasema. "Limo humo. Kulitamka siwezi, maana yake sikuuliza."

Eliamani akauinamia ubao. "Abstiimiasi," akasema, likatoka laini kama chai ya maziwa. "Sijawahi kuliona maishani, lakini ndivyo linavyotamkwa."

"Ndivyo," Mwalimu akaitikia, macho yanang'aa.

Hapo Nakiete akaivuta sahani. "Basi firigisi yangu. Bila mimi mngekuwa bado mnakodolea dari."

"Dada, umeandika usichoweza kukisoma!"

"Na wewe umesoma usichokielewa. Tena umezoea vya watu. Nani alinunuliwa viatu vipya mwaka ule?"

"Nilinunuliwa kwa sababu vyako nilivyorithi vilikuwa na visigino virefu, na mimi mvulana!"

"Mimi bado sijasema," Namkunda akadakia. "Siku zote mimi ndiye wa mwisho kuulizwa!"

Sahani ikavutwa huku, ikasukumwa kule, ikaponyoka, ikaja kusimama mbele yangu. Nisiwadanganye, wivu ulikuwa umenikaba na mimi. Nimevuka mipaka yote ile, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia kuniuliza habari za irabu, hata hiyo a ya kwanza. Na barabarani kwetu, sahani ikisimama mbele yako na mwenyewe haonekani, unakula kabla haijapoa.

Nikala.

"Maana yake," Namkunda akasema, "ni mtu mwenye kiasi katika kula na kunywa. Hata awekewe kinono mbele yake, hujizuia. Kwa mfano..."

Akanigeukia mimi, mumewe, kutafuta mfano. Wote wakanigeukia.

"Baba," akasema, "mfano sina."

Mwalimu alicheka mpaka kikohozi kikamkumbuka. Wanawe hawakucheka. "Amekula yangu!" akasema Nakiete. "Yangu!" akasema Eliamani. "Yangu, na mume ni wangu pia!" akasema Namkunda.

Mwalimu akainua mkono. "Mkwe, umeila wewe. Basi wewe ndiye utakayesema umekula ya nani. Na huyo atakaa kwenye kiti."

Shavu likazidi kuwa zito. Bila Nakiete, neno lisingefika mezani. Bila Eliamani, lingebaki safu ya sisimizi juu ya ubao. Bila Namkunda, lingekuwa kelele tamu isiyo na kitu ndani. Nikimtaja shemeji, nitalala wapi? Nikimtaja mke wangu, nani ataniamini?

Ndugu zangu mnaonisikiliza, nisaidieni. Kiti kingekuwa cha nani? Je, wewe ungeamua vipi?

Mimi nilikimbilia jikoni, nikamkuta mama mkwe ameinamia jiko, anachochea kuni. Nikameza, nikamweleza yote tangu mwanzo, nikamwuliza, "Mama, firigisi ile ilikuwa ya nani?"

Hakugeuka hata.

"Kuku alikuwa wangu, baba. Sogea, unanizibia mwanga."