Nguchiro na Wapiga Ukulele wa Bonde la Mikwaju

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa sogezeni viti, watoto kaeni chini, na mwenye kutafuna amalize kwanza.

Hapo zamani za kale, wakati kila mnyama alikuwa na wimbo wake na kila wimbo ulikuwa na kazi yake, palikuwa na bonde likiitwa Bonde la Mikwaju. Humo alikaa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Mwembamba, macho mekundu, mdomo umechongoka. Ukipishana naye njiani anakutazama toka kichwani hadi miguuni, halafu anatabasamu upande mmoja. Huyo ndiye.

Nguchiro alikuwa na bendi. Bendi yenyewe haikuwa na ngoma, haikuwa na tarumbeta, haikuwa na zumari. Ilikuwa na ukulele tu. Ukulele ni kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Ukikipakata unaonekana kama unabembeleza mtoto, nacho kinalia ti-ring'i, ti-ring'i. Nguchiro alikuwa nacho. Pimbi, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa nacho. Komba, mwenye sauti nyororo, alikuwa nacho. Na Nungunungu alikuwa nacho, akikaa peke yake pembeni, kwa sababu nani atakaa karibu na miiba ile?

Kwa vigitaa hivyo walipiga kila kitu. Taarabu walipiga. Dansi walipiga. Kwaya ya Kondoo walipiga, wamesimama wima na macho wameyafumba. Ngoma ya Tembo, ile ya kutikisa ardhi, gudu-gudu-gudum, wao waliipiga kwa nyuzi nne, ti-ring'i, ti-ring'i, wanyama wakaanguka kwa kucheka. Tembo mwenyewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alisema hajapata kuiona ngoma yake ikiwa ndogo namna ile, akawaomba waipige tena, na yeye akainuka akaicheza.

Mambo yakaenda hivyo, yakanoga.

Sasa alasiri moja, katikati ya wimbo wa kwaya, Nguchiro alimwiga Kondoo mzee anavyotetemeka kidevu. Alifanya tu, wala hakupanga. Kicheko kilichotoka kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuvisikia. Kondoo mzee hakucheka. Aliinamisha kichwa, akapita katikati ya watu, akaenda zake. Nguchiro alimwona akienda. Na alichohisi, jamani, hakikuwa aibu. Ilikuwa raha. Alilala na raha hiyo, akaamka nayo, akaitamani tena kama mlevi anavyotamani tembo la mnazi.

Basi hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Kabla ya kila wimbo alisimama kuwasema wenye wimbo. Alisema Kondoo huimba kama waliokwamwa na mfupa. Alisema taarabu ya Chiriku ni umbea uliotiwa mafuta. Alisema Tembo hupiga ngoma kwa kuwa hajui afanye nini na unene wake. Watu wakacheka, ha-ha-ha, hi-hi-hi. Leo wanamcheka Tembo, kesho wanamcheka Chiriku, na kila aliyechekwa alikuwa jana yake ameshika mbavu akimcheka mwenzake. Hao ndio wasikilizaji wa bonde lile. Siwaonei huruma hata kidogo.

Tembo akaacha kuja. Kondoo wakaacha kuja. Nguchiro hakujali, maana uwanja ulijaa vilevile.

Pimbi aliona. Alimfuata Nguchiro walipokuwa wakikaza nyuzi, akamwambia polepole, kwa sababu Pimbi hakuwa na sauti kubwa.

"Zamani tulikuwa tunacheka nao. Siku hizi tunawacheka."

"Uwanja unajaa, haujai?"

"Unajaa."

"Basi shika kigitaa chako."

Na Pimbi akashika. Huyo naye. Alijua, alisema mara moja, akanyamaza, akashika kigitaa.

Sasa palikuwa na Bi Kanga. Mama wa watu, ana vifaranga vyake, manyoya yake ya madoa. Wimbo wake haukuwa mzuri, nani atasema uongo? Ke-ke-ke-kwee! Ke-ke-ke-kwee! Kama mlango uliokosa mafuta. Lakini wimbo ule ulikuwa na maana moja tu: Chui ametoka. Bonde zima lilijua. Ukiusikia unaacha ulichoshika unakimbia, wa mashimoni shimoni, wa mitini mtini. Wengi waliokuwa hai katika bonde lile walikuwa hai kwa ajili ya mlango ule uliokosa mafuta.

Nguchiro akautia katika bendi. Alivuta shingo, akatoa macho, akakimbia akizunguka uwanja huku anatikisa makalio, akipiga kelele ke-ke-ke-kwee. Nyuma yake vigitaa vinafukuzana, ti-ring'i-ti-ring'i-ti-ring'i. Komba anajifanya amezimia. Nungunungu anaficha kichwa mchangani. Watu hawakupata kucheka hivyo tangu wazaliwe. Wakauomba wimbo ule kila siku. Watoto wakauchezea mtoni. Bi Kanga akija kunywa maji, wanavuta shingo na kumlilia masikioni.

Bi Kanga akaenda kwa Nguchiro, akamkuta na wenzake. Hakwenda kugombana.

"Mwanangu," alisema, "nyimbo nyingine zote chezea utakavyo. Huu niachie. Huu si wa kuchekesha."

Nguchiro akamtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Bi Kanga, ungekuwa na sauti nzuri nani angekucheka?"

Komba akacheka. Nungunungu akacheka. Pimbi akatazama chini. Bi Kanga aliwaaga kwa adabu, akaondoka na vifaranga vyake.

Ukafika msimu wa ukwaju kuiva, na wanyama wakafanya sherehe. Jua limeinama, uwanja umejaa, Nguchiro amepanda juu ya kichuguu. Chini yake Komba na Nungunungu. Pimbi alikaa mwisho kabisa, mgongo wake kwenye majani marefu. Wakapiga dansi, wakapiga taarabu, watu wakaanza kuuita ule wimbo wao. Kabla Nguchiro hajafungua mdomo, sauti ikatoka mtini.

Ke-ke-ke-kwee!

Ni Bi Kanga mwenyewe, yuko tawini, shingo imenyooka. Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Walidhani ameingizwa katika bendi. Nguchiro alidhani amekuja kushindana naye, na akafurahi, maana hapakuwa na kitu alichokipenda kama mtu wa kumshinda mbele za watu. Akavuta shingo, akamjibu. Bi Kanga akalia tena. Nguchiro akajibu tena, kwa mbwembwe zaidi. Watu wanagaagaa chini. Bi Kanga akalia mpaka sauti ikakatika, na hapo ndipo Nguchiro alipoona kwamba mama yule hamtazami yeye. Anatazama majani yaliyo nyuma ya Pimbi.

Majani yalitikisika, na upepo haukuwapo.

Nguchiro akaacha kuiga. Akasahau bendi, akasahau uwanja. Akatoa macho, akanyoosha mkono, akapiga kelele kwa nguvu zote alizopewa na Mungu: "Chui! Pimbi, kimbia!"

Watu wakacheka. Macho yale waliyajua. Shingo ile waliijua. Walicheka kuliko siku zote. Nguchiro akaruka kutoka kichuguuni, akaanza kuwasukuma, analia, kamasi zinamtoka, nao wanashikana mabega kwa kicheko. Pimbi, ambaye hakuwahi kuucheka wimbo ule, safari hii alimwona rafiki yake anavyohangaika, naye akatabasamu.

Chui akamchukua akiwa anatabasamu.

Kigitaa kikaanguka, ting. Kicheko kikaendelea kidogo, huku na huku, kisha kikafa. Halafu wakakimbia, wakikanyagana, kila mmoja na lake.

Matanga ya Pimbi yalikaliwa kimya. Tembo alikuja, Kondoo walikuja, hakuna aliyemtukana Nguchiro, na hakuna aliyekaa karibu naye. Watu walipoanza kutawanyika, alimfuata Bi Kanga njiani. Hakuinua uso.

"Niliwaita," alisema. "Niliwaita kwa sauti yangu yote. Hawakuniamini."

Bi Kanga akasimama.

"Mimi pia niliita," alisema.

Akakusanya vifaranga vyake, akaenda.

Wewe unayekaa pale nyuma ukiiga mwendo wa wenzako, nakuona. Wewe unayeshika mbavu kwa sababu leo si zamu yako, nawe nakuona. Taniana na watu wacheke pamoja nawe, hilo ni jambo zuri. Lakini ukimdhihaki mtu mpaka neno lake lisisikike tena, siku utakapolihitaji neno hilo litakuwa limekwisha kuwa mchezo, na lako pamoja nalo. Na aliyeona akanyamaza, hasara itamkuta palepale alipokaa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nimeitua, atakaye aibebe.