Usukani wa Mhina

Sogeeni karibu, ila wenye mafua wakae nyuma, maana hadithi hii ina vumbi jingi.

Vita vya Hitla vilipokwisha, Mhina alirudi Tanga kutoka Burma akiwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko usingizi, nacho ni mwendo. Mashindano ya magari wakati huo yalipita katikati ya mashamba ya mkonge, dereva hana mkanda, kavaa kofia ya ngozi, mengine kamwachia Mungu. Haukupita msimu bila mazishi. Mhina alijua, na bado alikwenda.

Alikuwa na watu watatu. Mkewe, Mwanjaa, alijaliwa masikio: magari yote yakinguruma pamoja, yeye alilijua la mumewe. Harbans, mpinzani wake wa kila mwaka, alijaliwa macho ya kusoma barabara hata ndani ya vumbi. Fundi Shekue alijaliwa mikono. Ndiye aliyeliunda gari la Mhina kwa mabaki ya lori la jeshi, na watu walisema hafungui nati kwa spana ila kwa adabu tu.

Siku moja ya mashindano Mhina aliongoza. Watu wakiwa katika kushangilia, Mwanjaa akasimama.

"Limenyamaza," alisema. "Gari la mume wangu limenyamaza."

Jirani akamwambia ni kelele za watu tu. Mwanjaa alivua kanga ya juu, akaingia barabarani, akampungia Harbans, aliyekuwa sasa wa kwanza na amebakiza mzunguko mmoja.

Harbans angeweza kumkwepa, kikombe kikawa chake. Alisimama, Mwanjaa akamweleza. "Panda, fundi," alimwambia Shekue aliyekuwa kando ya barabara, wakaenda polepole huku wengine wakiwapita. Kwenye kona ya kiwanda cha katani aliona majani mawili ya mkonge yamevunjika. Huko chini ya barabara gari lilikuwa limepinduka, linafuka moshi.

Shekue aliteremka mbio. Usukani ulikuwa umembana Mhina kifuani, na chuma kilishakuwa cha moto. Akaushika hivyo hivyo, akaupinda mpaka ukang'oka, akamvuta rafiki yake nje pamoja na usukani huo. Hawakufika mbali, petroli ikalipuka.

Sasa, madereva wa enzi hizo walikuwa na mila yao: ukiokolewa, usukani wako unampa aliyekuokoa, na huyo ndiye mwenye neno la mwisho kama utashindana tena. Lakini usukani ni mmoja, na haugawiki kama andazi.

Watatu wakaja kitandani kwa Mhina.

"Ukinipa mimi, basi tena," alisema Mwanjaa. "Nimechoka kusikiliza, mume wangu."

"Mimi nikiupata, mwakani tutakutana," alisema Harbans. "Kushinda bila wewe hakuna utamu, bwana."

Shekue alitazama bandeji zake. "Mimi nitauweka ukutani. Mikono hii ikipona, nitakuundia gari jingine. Isipopona, tutazeeka wote tukitazama wenzetu."

Mhina aliwapenda wote, na hilo ndilo lililomtesa. Bila masikio nani angejua? Bila macho nani angemwona? Bila mikono nani angemtoa? Tena moyo wake ulishajua jibu linaloupendeza, akaogopa asije akachagua jibu badala ya kumchagua mtu.

Basi yuko pale, usukani mapajani, watatu wanamngoja. Msinitazame mimi, mimi sikuwamo garini. Wewe hapo uliyeshika tama, usukani huo ungemkabidhi nani?