Matanga ya Kilima cha Kivukoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mipaka, mabalozi na mikataba kama tulivyo sisi leo, Pimbi alimzika mke wake chini ya jiwe ambalo marehemu alipenda kuotea jua.

Pimbi ni mdogo. Hana mkia, hana pembe. Alichokuwa nacho ni binti mmoja aliyeitwa Siwatu, wajukuu tisa, na kilima cha mawe. Kilima hicho kilitazama kivuko pekee cha mto. Wakati wa kiangazi kila mwenye kiu alipita pale, na aliyekaa kileleni aliona nani anakunywa na nani anavuka.

Siku ya pili ya matanga kishindo kikasikika. Gudu! Gudu! Gudu! Kutoka kaskazini akaja Kifaru, mkubwa wa siku nyingi, pembe zimechakaa lakini sauti ni ileile. Kutoka mashariki akaja Nyati, mkubwa wa juzi, na kundi lililojaza bonde.

"Pole sana, Baba Siwatu," Kifaru akasema, mdomo ukiwa sikioni mwa mfiwa. "Marehemu alikuwa rafiki yetu wa kihistoria."

"Aliitwa nani?"

"Aa... wa kihistoria kabisa. Sasa umebaki peke yako. Nitakuletea walinzi kumi wakae kileleni. Mkataba huu hapa, tia sahihi."

"Wanilinde na nani?"

"Na Nyati!"

Nyati naye akashika sikio la pili. "Ndugu yangu, mimi sina masharti. Nitakujengea barabara safi hadi kileleni. Mkataba wangu nao huu hapa."

"Ya kupitisha nini?"

"Walinzi ishirini."

"Wanilinde na nani?"

"Ala! Humwoni huyo mwenye pembe puani?"

Pimbi akakumbuka kilima cha jirani yake, Digidigi. Digidigi alimkubali mmoja wao, na wa pili akaja kumkomboa. Vita vilidumu asubuhi moja tu. Siku hizi pale kuna vumbi, digidigi hakuna. Pimbi akimkubali huyu, wajukuu watakanyagwa na yule. Akiwakataa wote, watakanyagwa na wote.

Akatazama mbinguni. Mawingu yalikuwa membamba, tena mbali. Mvua ingechukua kama siku ishirini kufika. Ikishafika, kila shimo porini litajaa maji na kivuko kitazama. Nani atakitaka kilima tena? Basi zilihitajika siku ishirini.

"Wakubwa zangu," akasema kwa sauti, "nitatia sahihi."

"Na nani?" wakauliza kwa pamoja.

"Na atakayekaa nami hadi matanga yaishe. Nyumba yenye msiba haizungumzi ardhi. Na kwetu, matanga huondolewa mvua ya kwanza ikinyeshea kaburi."

Mlangoni alikuwa amekaa Nungunungu, mtani wa pimbi wote. Alikuwa amezika pimbi wengi, na mila hiyo hakuwahi kuisikia. Akamtazama Pimbi. Akakohoa.

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Tangu enzi za babu zao. Na msibani mtani hakasirikiwi, mnajua. Haya, enyi vipande vya milima, chini kwenye mkeka! Hamuingii matangani na pembe wazi. Zifungwe!"

Akaingia ndani, akatoka na kanga mbili za marehemu. Pimbi akanyoosha mkono azichukue, kisha akaurudisha. Kanga ya bluu ikafungwa puani mwa Kifaru. Ya manjano ikafungwa kichwani mwa Nyati.

Basi wakubwa wakaomboleza. Kifaru akachota maji, Nyati akabeba kuni.

"Uuuwi! Mama Siwatu, umetuacha!" Kifaru akalia, macho yote mawili yakiwa kivukoni.

Nyati akaona anaachwa nyuma. "Mweee!" akalia, na majike mia nne wakaitikia bondeni: "Mweee!"

"Kifaru wee," Nungunungu akasema, "unalia kama mlango mbovu. Mwone mwenzako, machozi ndoo nzima!"

"Yale ni machozi ya bei rahisi," Kifaru akanung'unika. "Hayadumu."

"Na yako kila tone lina masharti!" Nyati akajibu.

Siku ya tisa Kifaru alisimama aende kwao. Akamwona Nyati anatabasamu. Akakaa.

"Kwani wewe huchoki?" Nyati akamnong'oneza.

"Ukiondoka, nitapumzika."

Aliyekuwa hajalia ni Pimbi peke yake. Kila alipotaka kulia, Kifaru alikuwa ameshaanza.

Siku ya kumi na sita Kifaru akakunja uso. "Baba Siwatu, hii mila imeandikwa wapi?"

Siwatu akawavuta watoto karibu.

"Loo!" Nungunungu akaruka. "Mfiwa unamdai risiti? Nyati, msikie mwenzako!"

"Aibu!" Nyati akanguruma. "Mimi naheshimu mila za wenyeji. Siku zote!"

"Nami naziheshimu," Kifaru akasema upesi. "Nilitaka tu kuziheshimu vizuri zaidi." Akaenda kuchota maji.

Siku ya ishirini na mbili mbingu zikapasuka. Gudurum! Shaaa! Kaburi likalowa. Mto ukapanda, ukameza kivuko, ukameza hata miti ya kando.

Pimbi akatoka mbio na mikataba miwili kichwani. "Wakubwa zangu, niko tayari! Nani analeta walinzi?"

Kifaru akautazama mto. Nyati akautazama mto.

"Kwa sasa," Kifaru akasema, "tunaifuatilia hali kwa karibu."

"Lakini nimebaki peke yangu!"

"Pole sana."

"Na barabara yangu, Ndugu Nyati?"

"Tutatuma ujumbe," Nyati akasema akiwa ameshageuka. Chubwi, chubwi, chubwi, wakapotea mvuani, huyu kaskazini, yule mashariki. Kanga zilianguka njiani.

"Hata kuaga!" Siwatu akasema. "Na kiangazi kijacho, baba?"

"Kiangazi kijacho atakufa mtani."

"Nani, mimi?" Nungunungu akashtuka.

"Siku ishirini tu."

Nungunungu akafikiri. "Sawa. Lakini walie vizuri."

Pimbi akaziokota kanga matopeni. Akazisuuza kwa maji ya mvua, akazikunja kama marehemu alivyokuwa akizikunja, pembe kwa pembe. Kisha akakaa kwenye mkeka uliolowa, kando ya jiwe, akalia. Safari hii hapakuwa na mtu wa kushindana naye.

Kwa hiyo, wanangu, mkubwa akija kukulilia, tazama macho yake yameelekea wapi.