Mlingoti wa Twiga

Kitu kilichoangukia chini ya kitanda hakijali urefu wa anayekitafuta. Awe tajiri, awe na nguvu za kuinua gari, mwishowe atapiga magoti, atalaza shavu karibu na sakafu na kunyoosha mkono gizani. Asiyetaka kujikunja atabaki amesimama, na chake kitabaki huko huko. Haya yalimpata fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, ingawa alichokitafuta yeye kilikuwa hewani.

Fundi huyo alikuwa mrefu hata watu wakamwita Twiga, naye jina hilo akalipenda. Aliishi na mama yake pamoja na mdogo wake wa kike katika kijiji ambacho simu zake zilikuwa na mahali pa kupigiwa. Nyuma ya maduka palikuwa na kichuguu kikubwa, na aliyetaka kuongea na mtu wa mbali alikipanda. Waliobaki chini wakingoja zamu walisikia kila kitu: nani kaposwa, nani anaumwa, nani anadanganya kwamba yuko njiani. Hivyo kila mtoto wa pale alikua akijua kwamba mtandao uko juu, na anayeutaka sharti apande.

Mdogo wake Twiga aliitwa Kwanini. Tangu utotoni, alipoambiwa jua limezama, aliuliza limezama ndani ya nini. Alisoma chuo, akapata kazi mjini ya kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno. Kisha mama yao akateleza kisimani na kuvunjika nyonga, na Kwanini akarudi kumuuguza.

Msimamizi wake kazini alikuwa mwanamke mpole asiyependa ahadi tupu. Alimwambia angeweza kuendelea na kazi akiwa nyumbani endapo angepata intaneti isiyokatikakatika. Jumatatu wangemjaribu asubuhi nzima. Ikishindikana, arudi mjini, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Na mama alikuwa bado anajifunza kutembea kwa magongo. Kila alipoinuka alihitaji mkono wa mtu kiunoni. Twiga hutoka alfajiri kwenda karakana. Msichana akiondoka, mama angeshinda kitandani akitazama mlango.

"Huyu haendi popote," Twiga alimwambia mama. "Mimi ni fundi. Intaneti nitaileta."

Fundi wa kampuni ya intaneti alikuja na dishi jeupe, dogo kama sinia la watu wawili, akalifunga juu ya paa. Alieleza kwamba mnara uko kwenye kilima cha ng'ambo ya bonde, na kwamba dishi na mnara lazima vionane bila kizuizi. Kisha akatazama upande huo, akatikisa kichwa. Mbele ya nyumba, ndani ya uwanja wa jirani, ilisimama safu ya mikaratusi mizee, na majani yake yalikuwa yameziba kilima chote. Kwanini akamsonga kwa maswali: je, mawimbi hupinda kama maji? Hupita ukutani? Jani jembamba vile linazuiaje? Fundi akajibu yote kwa furaha, kwani wateja wengi humuuliza bei tu. Jani lina maji ndani yake, alisema, na maji huyanywa mawimbi. Akawaachia dishi wajaribu kutafuta njia, akiahidi kupita Jumamosi jioni kulichukua kama wangeshindwa.

Katika maelezo yote hayo fundi hakulitaja neno "juu" hata mara moja, lakini Twiga alilisikia.

Akaanza kuunga mabomba. Kila jioni alitoka karakana na bomba jingine begani, akalichomelea kwenye lile la jana, akausimamisha mlingoti na kuutegemeza kwa waya pande zote. Dishi likapanda, likayapita mapaa, likaufikia usawa wa majani na kuzama humo. Intaneti ikaja na upepo na kuondoka na upepo. Matawi yalipoachana, kompyuta ya Kwanini ilichangamka. Yalipokutana, kila kitu kikaganda. Twiga akaongeza bomba.

Wateja wake walipita kutazama. Mmoja alimwomba akifika mbinguni awasalimie. Twiga alicheka nao, lakini moyoni alikwisha kujitangaza: alikuwa amewaambia watu karakana kwamba mlingoti ule utaonekana hadi barabara kuu, na kwamba kila nyumba itataka wa kwake. Kadiri mlingoti ulivyoinuka, ndivyo kuushusha kulivyozidi kuwa mzito.

Mwishowe hasira ikaigeukia mikaratusi. Mwenye miti alikuwa bibi mjane aliyeishi na kuku wake, na miti ile ndiyo iliyozuia upepo wa bondeni usiling'oe paa lake. Twiga alisimama mpakani, akamwambia akiwa ng'ambo ya ua, watu wakisikia, kwamba miti yake imezeeka kama yeye na haina kazi ila kuwanyima wenzake maendeleo. Bibi aliokota ufagio wake, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Upole ule ulimwuma Kwanini kuliko ambavyo kelele zingemwuma.

Ijumaa jioni Kwanini alikwenda kwa Bibi kununua mayai ya mama. Haya ilimjaa hata akashindwa kuanza. Bibi akamwonea huruma, akaanza yeye: mayai ni machache siku hizi. Waya za mlingoti wa kaka yake hupiga mluzi upepo ukivuma, na kuku hudhani ni mwewe. Wanalala macho wazi, watatagaje? Akamwomba aingize mkono bandani mwenyewe, maana mgongo wake siku hizi haukunjiki.

Banda lilikuwa chini, kwenye kona ya uwanja, katikati ya mashina ya mikaratusi. Kwanini akapiga magoti, akainamisha kichwa mlangoni. Ndani mlinuka majani makavu na manyoya. Mkono wake ukagusa yai la uvuguvugu, naye akasahau kulichukua. Kupitia nafasi za fito za ukuta wa pili aliona kitaa chekundu, mbali, kikiwaka na kuzimika.

Alikitazama kwa muda. Akainuka, kikatoweka nyuma ya majani. Akainama; kikarudi. Akajisogeza kushoto, jiko la Bibi na lundo lake la kuni vikakiziba; akajisogeza kulia, kikawa peupe. Mikaratusi ilikuwa na majani juu tu. Huku chini ilikuwa mashina matupu, na baina ya shina na shina bonde lote lilikuwa wazi hadi kilimani kwenye mnara na kitaa chake.

"Umeng'atwa?" Bibi aliuliza nyuma yake.

"Hapana, Bibi. Kwani hiki kitaa kimekuwepo siku zote?"

"Kuku ndio wanajua," Bibi alisema. "Mimi sijaingia humo."

Kwanini akakimbilia kichuguuni na kumpigia fundi wa kampuni. Aliuliza kama dishi laweza kukaa chini, chini kabisa, usawa wa goti. Upande wa pili kukasikika kicheko. Dishi halitaki kiti kirefu, fundi alimwambia, linataka kuona. Yeye mwenyewe alikagua akiwa juu ya paa, hakufikiria kushuka.

Kumwambia Twiga ndiko kulikokuwa na kazi. Alisikiliza akiwa amekunja mikono, akasema kwamba hajawahi kusikia intaneti ya bandani, na kwamba yule bibi hata maji hatampa. Kwanini alirudi chumbani, akaanza kukunja nguo zake na kuzipanga katika begi, moja baada ya moja, mama akimtazama. Twiga alisimama nje ya pazia akisikia zipu ikifungwa upande mmoja. Akatoka bila kuaga.

Bibi alikuwa ameketi kibarazani akichambua maharage. Twiga akaanza kusema akiwa amesimama, kwa sauti yake ile ya karakana.

"Juzi pia ulikuja umesimama," Bibi alisema bila kuinua macho. "Shingo yangu haiwezi. Keti, mwanangu."

Hapakuwa na kiti. Twiga akaketi chini sakafuni, magoti yakamfika kidevuni. Kutoka pale uso wa Bibi ulikuwa juu yake, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi macho yake yalivyokuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bibi, nilikukosea. Miti ni yako na uzee si kosa. Nisamehe. Na nina shida. Mdogo wangu akiondoka, mama hana wa kumwinua. Naomba niweke dishi kando ya banda lako."

Bibi alichambua maharage kadhaa zaidi. "Mama yako alinipikia uji nilipofiwa. Weka hiyo sahani yako. Lakini ule mluzi ushuke. Kuku wangu walale."

"Nitaushusha usiku huu huu."

"Usiku wa nini? Ulipandisha watu wakiona. Shusha watu wakiona."

Jumamosi asubuhi mlingoti ulishuka, bomba kwa bomba, na kijiji kizima kikaja kutazama. Yule mteja wa mbinguni akauliza kama huko juu alikosa nafasi. Mwingine akataka kujua kama kuku nao wataanza kupokea simu. Masikio ya Twiga yaliwaka, lakini mikono yake haikusimama. Alichimbia kipande kifupi cha bomba kando ya banda, akafunga dishi, akavuta waya chini ya ua hadi chumbani kwao. Kisha ikabidi lielekezwe sawasawa, na kwa kimo kile hapakuwa na namna nyingine: mwanaume yule mrefu alilala kifudifudi juu ya mbolea ya kuku, jicho moja limefumbwa, akikaza skrubu huku Kwanini akipaza sauti kutoka dirishani.

"Kidogo kushoto. Tena. Hapo, kaka. Usipumue."

Taa ya kifaa chumbani ikawa kijani. Upepo ukavuma, mikaratusi ikayumba juu kama watu wanaogombana, na taa ikabaki kijani. Fundi wa kampuni alipofika jioni hakuondoka na kitu. Alipiga magoti penye banda, akachungulia, akatabasamu peke yake kwa muda mrefu.

Jumatatu Kwanini aliketi mbele ya kompyuta asubuhi nzima. Sauti za mkutano wa watu wa mbali zilitiririka bila kukwama, naye akaandika. Katikati ya jaribio jogoo aliwika, na msimamizi akauliza hiyo ni sauti ya nani. Kwanini, kwa haya yake, alijibu kwamba ni jirani wa ofisi. Msimamizi akacheka, kisha akamwambia kazi ni yake, na huko aliko abaki.

Mama yao alikuwa amesikiliza yote kupitia ukuta. Aliomba magongo yake, Kwanini akamshika kiuno, wakaenda pamoja hadi kwenye begi lililokuwa limefungwa. Mama akalifungua mwenyewe, akatoa gauni la kwanza, akampa Twiga alitundike. Twiga alilitundika, mikono ingali inanuka banda, wala hakuona aibu tena. Alichokitafuta mawinguni alikipata akiwa amelala juu ya mbolea, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.